Jirani anataka kushusha apatimenti na barabara yenu nyembamba: namna ya kwenda halmashauri mkasikilizwa (Tanga)

Hii naandika hasa kwa watu wa Tanga Jiji, ila hata wa Muheza au Bagamoyo wataokota kitu, sheria ni zilezile, kinachobadilika ni majina ya vikao tu. Ni kuhusu lile suala ambalo sasa hivi karibu kila mtaa unalo: mtu ana kiwanja cha makazi, anataka kukigeuza apatimenti au loji au ukumbi wa harusi, au anakata kiwanja kimoja vinatoka vinne, na nyie mlio kwenye ile barabara mnajiuliza magari yote haya yatapita wapi na watoto wa shule wapite wapi. Nimekaa ujumbe wa serikali ya mtaa kwa hiyo barua za namna hii nimezisoma, na niseme ukweli nyingi zilikuwa za kulia tu, "tunaomba serikali itusaidie maana tunateseka", halafu basi, hakuna hata sehemu moja iliyosema barabara ina upana gani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukienda kusema "hatumtaki huyu" mara nyingi mtashindwa, kwa sababu mwenye kiwanja ana haki ya kukiendeleza na halmashauri inataka nyumba zijengwe na mapato yaingie. Ila ukienda na vipimo vya barabara, ukaomba masharti matatu manne yaandikwe kwenye kibali, hata yule afisa aliyekuwa anakusikiliza huku anaangalia simu ataiweka chini. Masharti yakishaandikwa yana nguvu kuliko kelele za mtaa mzima.

Kwanza jua kinaombwa nini

Watu wanasema tu "anaomba kibali" lakini kuna maombi ya aina tatu na kila moja lina mlango wake, ukigonga mlango siyo unazungushwa wiki nzima.

Kuna kubadili matumizi. Hati au ofa imeandikwa makazi, yeye anataka makazi na biashara, au loji, au kituo cha mafuta (hiki ndo kinagombanishaga watu kweli). Hapa ndo mna nafasi kubwa kuliko kwingine kote, sababu mwombaji anatakiwa atangaze nia yake, utaona bango limesimikwa kwenye kiwanja na tangazo limetoka gazetini, na kuna muda wa kupokea mapingamizi. Muda umeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Lipige picha siku hiyohiyo unayoliona na tarehe ionekane, kuna mabango yana tabia ya kuangushwa na upepo wa baharini siku mbili tu baada ya kusimikwa, sisemi zaidi.

Kuna kugawa kiwanja. Maeneo ya viwanja vikubwa vya zamani kama kule Raskazone yanavutia sana kwa hili, mtu ananunua nyumba moja kuukuu yenye miembe, anavunja, anakata vipande. Kwa upande wa barabara shida ya kugawa ni mageti: kila kipande kinataka geti lake, njia iliyokuwa na sehemu nne za gari kutoka kwa ghafla inakuwa nazo kumi. Hili watu huwa hawalifikirii, wanawaza ukuta na kivuli tu.

Halafu kuna kibali cha ujenzi chenyewe. Siku hizi maombi yanaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, michoro inapitiwa na watu wa mipango miji, ardhi, mhandisi, afya, na jengo likiwa kubwa zimamoto pia. Kwa nyumba ya kawaida hakuna bango wala gazeti, jirani unajua siku fuso linapomwaga kokoto mbele ya mlango wako. Hata hapo hujachelewa. Mradi wa maana unatakiwa uwe na kibao chenye jina la mkandarasi na msanifu na namba zao za usajili, kama hakuna kibao nenda kwa mtendaji wa mtaa muulize kibali kiko wapi, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 hairuhusu mtu aendeleze ardhi kwenye eneo la mipango miji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kuuliza sio fitina.

Na kama ni mradi mkubwa kweli, nyumba nyingi kwa mpigo, kunaingia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2004, NEMC (wale wa taifa wanaosimamia mazingira) wanahusika, na kwenye ile tathmini wananchi wanaoguswa wanatakiwa waulizwe. Wakija watu na makaratasi na kalamu kukuuliza maoni, usiwafungie mlango ukidhani wanauza bima, zungumza nao habari za barabara na uhakikishe wanaandika.

Kitu kingine cha kufanya mapema ni kuomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, ule ambao mafundi na madalali wanauita TP. Hata mitaa iliyorasimishwa ina mchoro. Unakuta kwenye mchoro barabara yenu imeandikwa mita 8 au 10, ila ukija mtaani pamebaki mita 4 kwa sababu huyu kasogeza ukuta, yule kaweka fremu. Hiyo ni hoja kubwa na wengi hawajui kama ipo, sababu sasa unaongelea barabara iliyopangwa na serikali yenyewe, hayo ya jirani simpendi yanakaa pembeni.

Barabara ni ya nani

Hili fupi lakini linapoteza watu muda vibaya mno. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani ile inayotoka Segera, ile ya kwenda Horohoro, ile ya Pangani. Barabara za ndani, mitaa ya Makorora, Mabawa, Chumbageni, zile za namba pale Ngamiani, ni za TARURA tangu wakala huo uanze 2017. Halmashauri ndo inaamua habari za kiwanja, ila tuta na kibao na mtaro vinawekwa na mwenye barabara. Kwa hiyo barua yako karibu kila mara inakwenda sehemu mbili.

Kama kiwanja kinagusa barabara ya TANROADS kuna hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5 ndo maana ukipita njiani unaona nyumba zina X za rangi mbili, nyekundu na kijani. Na mtu hawezi tu kufungua geti lake au njia ya magari ikaingia moja kwa moja barabara kuu, anahitaji ruhusa ya hao wenye barabara. Muulizeni mwombaji kama anayo. Swali dogo lakini linaweza kusimamisha faili zima.

Pima, sehemu hii usiiruke

Mnahitaji watu watatu, futi kamba ndefu (fundi yeyote anayo, mwazime), simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na daftari. Basi.

Anzeni na upana. Pimeni sehemu tatu: panapobana kuliko kote, mbele ya kiwanja kinachoombewa, na kwenye kona ya kuingilia. Mnapima panapopitika kweli, sio kutoka ukuta mpaka ukuta, mtoe mtaro, mtoe nguzo ya umeme, mtoe lile jiwe ambalo mzee fulani kaweka kulinda ukuta wake. Halafu mkumbuke lori lina upana wa karibu mita 2.5. Malori mawili yakikutana ni mita 5 kabla hujahesabu vioo, na mtoto mwenye begi hayumo bado kwenye hesabu. Kama panapopitika ni mita 4, andika hivyohivyo, mhandisi atamalizia mwenyewe kichwani.

Mwendo. Pimeni mita 50 kando ya barabara sehemu iliyonyooka, wekeni alama mwanzo na mwisho kwa chokaa, mmoja anasimama mwanzo anainua mkono gari likipita, mwingine yuko mwisho anabonyeza saa. Chukua 180 gawanya kwa sekunde ulizopata, jibu ni kilometa kwa saa. Sekunde 6 ni 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni 50, na ukiona bodaboda inapita kwa sekunde 2.5 hiyo ni 72 mbele ya nyumba za watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka 50 kuwa mwisho kwenye maeneo ya makazi. Pimeni vyombo vingi, viwili vitatu havisemi kitu, na muandike vyote hata vilivyokwenda polepole, ukichagua vya kasi tu mtu wa trafiki atakushtukia dakika ileile.

Kwanini mwendo una uzito hivi? Gari linaloenda 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, mpaka mguu ufike kwenye breki sekunde moja au moja na nusu imeshaondoka, hapo gari limeshatembea mita 14 mpaka 21 na bado halijaanza kupunguza. Kwa 30 ni mita 8 mpaka 12 na kidogo. Shirika la Afya Duniani wanasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa 65 hatari ya kufa ni mara 4.5 ukilinganisha na la mwendo wa 50. Hizo ni kilometa 15 tu za tofauti, dereva mwenyewe hata hazisikii.

Sasa chukua hizo mita uende nazo kwenye geti linalopendekezwa. Simama pale jicho la dereva litakapokuwa wakati pua ya gari inachungulia barabarani, yaani karibu mita mbili nyuma ya mstari wa ukuta, uangalie kushoto na kulia unaona mpaka wapi, upime. Kama unaona mita 12 tu kwa sababu ya ukuta na kona, na vyombo vinapita kwa 50, hesabu imeshajijibu, geti hapo litaleta kilio. Hiki kipimo kimoja napenda kuliko vyote sababu hakuna anayeweza kukibishia, aje tu asimame palepale.

Halafu mhesabu wanaopita. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu asubuhi siku ya shule, mchana watoto wanaporudi, na jioni. Tenganisha waenda kwa miguu, wanafunzi wawe na safu yao, baiskeli, bodaboda, bajaji, gari ndogo, fuso. Tanga yetu tambarare, baiskeli ni nyingi kuliko miji mingine na ripoti za watu wa nje huwa zinazisahau, nyie msizisahau. Kama kuna msikiti hesabuni na Ijumaa mchana, kama kuna kanisa Jumapili.

Picha za mvua ni dhahabu. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, maji yakijaa kwenye mtaro uliozibwa waenda kwa miguu wote wanahamia katikati ya barabara, piga picha hiyo. Jengo jipya lenye paa kubwa na uwanja wa paving litaongeza maji, na kama hakuna kalvati kwenye njia ya kuingilia watafukia mtaro kwa kifusi ili gari lipite. Watu wanaona mtaro na ajali kama mambo mawili, lakini mtoto anagongwa katikati ya barabara kwa sababu pembeni pana dimbwi.

Ajali zilizowahi kutokea andikeni, ila msitie chumvi. Tarehe au mwezi, sehemu, chombo gani na chombo gani, iliripotiwa polisi au haikuripotiwa. Majina ya majeruhi hayahitajiki kabisa, na familia zao huenda hazitaki. Mkisema "ajali nyingi sana hutokea" wanapita juujuu kama wanasoma salamu za mwanzo wa barua.

Cha kuomba

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo wengi wanalegea, wanaandika kurasa mbili za malalamiko na mstari mmoja wa ombi. Geuzeni.

Ombeni geti lirudi ndani ya kiwanja, gari moja liweze kusimama mbele ya geti lililofungwa bila mkia wake kubaki barabarani. Geti lifungukie ndani au liwe la kuvuta pembeni. Ndani pawe na nafasi ya gari kugeuka ili litoke kwa mbele, gari linalotoka kwa rivasi kwenye njia ya wanafunzi ni balaa. Paking zitoshe wapangaji na wageni, na hili hesabuni wenyewe kwenye mchoro kama mmefanikiwa kuuona: nyumba 12, paking 5, gari za hizo nyumba nyingine saba zitalala wapi kama sio barabarani? Ukuta wa kona ukatwe au ushushwe ili macho yapite. Kalvati ijengwe kabla ya ukuta, isiwe baada. Kwa viwanja vya kugawa, ombeni geti moja la pamoja na njia ya ndani badala ya mageti manne.

Na kipindi cha ujenzi msikisahau kwa sababu hicho peke yake kinaweza kuchukua mwaka na zaidi. Malori ya mchanga na kokoto yasipite saa za wanafunzi kwenda na kurudi, vifaa visimwagwe barabarani, na kukiwa na lori linalorudi nyuma pawe na mtu wa kulielekeza. Haya mkandarasi mstaarabu anayakubali hata bila kugombana, nimeona.

Ambayo hayafai kuwekwa: watakuwa wanatuangalia uani, wapangaji ni watu wa kuja, bei ya nyumba yetu itashuka, yeye ana hela anajiona. Kwanza huu mji ndo ule wa waja leo waondoka leo, sote babu zetu walikuja kutoka mahali. Pili barua ikiwa na mstari mmoja wa husuda, zile hoja tano za maana zinasomwa kwa jicho hilohilo.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu, vipimo viwe kiambatanisho. Namba nilizoweka hapa ni za mfano, weka za kwenu.

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Tanga.
Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata ya ……
Kupitia kwa: Mtendaji wa Mtaa wa ……

YAH: MAONI YA WAKAZI KUHUSU MAOMBI YA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. …… KITALU ……

Sisi wakazi wa barabara ya …… tumeona tangazo la tarehe …… kuhusu kiwanja tajwa. Hatupingi mmiliki kuendeleza eneo lake. Tunaomba Halmashauri, kabla ya kufanya uamuzi, izingatie kuwa sehemu ya barabara inayopitika mbele ya kiwanja ina upana wa mita 4.2, kwamba tarehe …… kati ya saa 12:30 na saa 1:30 asubuhi walipita wanafunzi 96 kwa miguu, na kwamba kutoka kwenye geti linalopendekezwa dereva anaona mita 12 tu upande wa kulia.

Kwa sababu hizo tunaomba kibali, iwapo kitatolewa, kiwe na masharti yafuatayo: ……

Tunaomba pia Halmashauri ipate maoni ya TARURA kuhusu njia ya kuingilia, na tupewe taarifa ya uamuzi kwa maandishi.

Mwisho majina, namba za nyumba na sahihi. Nakala kwa Meneja wa TARURA, diwani, na kama kuna shule njia hiyo basi mwalimu mkuu, barua yenye nakala ya shule inasomwa tofauti. Sahihi ziwe za watu wanaoishi pale kweli, msizunguke mpaka Duga kutafuta idadi.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe unarudi nayo nyumbani. Bila muhuri hujapeleka barua, umeacha karatasi mezani kwa mtu. Mtendaji akisema "niachie nitaipeleka" mshukuru sana kwa heshima zote, halafu mwambie utasubiri muhuri. Kama barua inalala kwa mtendaji ipeleke masjala ya jiji moja kwa moja, na uandike kuwa nakala imepita mtaani tarehe fulani.

Ufike kabla faili halijazunguka. Wataalamu wakishasaini michoro yao, kila mmoja atakuambia sehemu yangu nimeshamaliza.

Vikao

Mkutano wa mtaa unatakiwa uitwe kila baada ya miezi miwili. Ombeni agenda iingie na, hili ni muhimu kuliko mnavyodhani, iandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari wa mtaa unaosema wakazi wamekubali au wamekataa huwa unabebwa kwenye maombi, na nimewahi kuona muhtasari unaosema "wakazi wote waliafiki" wakati wakazi wenyewe siku ile walikuwa mazikoni. Viongozi wengi waliopo walichaguliwa Novemba 2024, wengine bado wanajifunza, sio kila kosa ni njama. Mwiteni na mwombaji aje aseme mwenyewe. Mara nyingine mnamaliza palepale, anasema hilo geti nalisogeza, mnaandika, mnasaini, yeye anapeleka mchoro uliorekebishwa na kila mtu anakwenda kula. Njia hii ni ya bei rahisi kuliko zote.

Baadaye suala linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, na kule juu kuna kamati ya madiwani inayoshughulika na mipango miji na mazingira. Kwenye kamati hamuingii, anayeingia ni diwani, kwa hiyo muoneni kabla, mpeni ule ukurasa mmoja, na kama mnaweza mpelekeni asimame pale getini saa moja asubuhi. Diwani aliyeona kwa macho yake anaongea tofauti na aliyesoma. Kama diwani ana maslahi kwenye mradi anatakiwa ayatangaze na akae pembeni. Baraza la madiwani lenyewe linakaa kila robo mwaka na ni mkutano wa wazi, mnaweza kwenda kusikiliza, ila msitegemee kupewa maiki.

Uamuzi umetoka

Ukiwa na masharti, ombeni nakala ya masharti. Wakileta mizunguko kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, unaandika ombi kama raia na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Mkishakuwa nayo mnakuwa macho ya halmashauri: msingi ukianza kuchimbwa mnaangalia geti limekaa palepale pa kwenye mchoro mpya au limerudi pa zamani. Likirudi andikeni siku hiyohiyo na picha, kusimamisha ujenzi wa msingi ni rahisi, kusimamisha ghorofa ya pili hakuna anayetaka kujaribu.

Wakikataa maoni yenu yote, ombeni sababu kwa maandishi kwanza kabla ya kupandisha hasira. Mgogoro wa mpaka au njia iliyozibwa una Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuishtaki halmashauri yenyewe ni safari nyingine, inahitaji notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi, hapo tafuteni wakili au msaada wa kisheria, msijiandikie wenyewe.

Na kama nyumba zimeshajengwa

Basi achaneni na kibali, hangaikeni na barabara. Barua iende TARURA, au TANROADS kama ni barabara yao, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, vipimo ni vilevile mlivyopima. Ombeni vitu vidogo vinavyowezekana: kibao cha watoto, zebra yenye tuta kabla yake, mawe au nguzo za kutenga njia ya miguu, mtaro uzibuliwe. Dar es Salaam shirika la Amend kupitia mpango wao wa SARSAI wamefanya hivihivi kuzunguka shule za msingi, njia za miguu, matuta, vivuko, alama, hakuna miujiza, na mwaka 2019 ule mpango ukapata tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross. Ukimwonyesha mhandisi kwamba kitu kimeshafanyika hapahapa nchini hana pa kusema hiyo ni ya Ulaya.

Tuta la kujijengea usiku kwa zege msithubutu. Bodaboda akianguka pale gizani mtatafutwa nyie, na mwenye barabara atalivunja na bado atawadai.

Muda wa kupeleka: mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, bajeti zinapikwa miezi mingi kabla. Ombi likifika Mei utaambiwa fedha hazikutengwa, na watakuwa wanasema kweli. Lipelekeni Oktoba au Novemba, liingie kwenye vipaumbele vya mtaa kule kwenye mchakato wa O&OD, ule ambao wananchi wenyewe wanapanga miradi wanayoitaka, halafu mwezi wa kwanza mrudi kuuliza limefika wapi, mkiwa na ile nakala yenye muhuri mkononi.